Watamu kwa Miguu: Mwamba Asubuhi, Ndege wa Mida Alasiri

Mtu mmoja anayejiita kiongozi wa watalii aliniambia kwamba Watamu, mji wa pwani ya Kenya, haitembeleki kwa miguu, eti sharti nikodi mashua yake, na kwamba nikishikilia ukaidi basi nishuke ufukweni saa nne ya asubuhi yoyote, kwa sababu asubuhi maji hupwa. Nilishuka. Bahari ilikuwa imejaa hadi kwenye majabali ya matumbawe, na kila nilipojaribu kuzunguka pembe ya jabali wimbi lilinirudisha, mpaka nikaishia kuketi juu ya jiwe, viatu mkononi, nikingoja maji yanitoe rumande. Mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akitengeneza nyavu alinitazama kwa muda, akauliza, "Mwanangu, leo mwezi ngapi?"

Ilikuwa mwezi saba, yaani siku ya saba tangu mwezi kuandama, wakati wa maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, ambapo saa nne ndiyo saa ya kujaa. Mzee alinieleza kwamba bamvua, yaani maji yanayojaa na kupwa sana, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku hizo maji hukauka kati ya saa nne na saa tano asubuhi, yakajaa tena alasiri kama saa kumi. Basi nikaifungua kalenda ya Kiislamu na kuchagua mwezi kumi na sita, nikapanga siku nzima kwa hesabu hiyo, na ninajisifu kwamba haikupotea hata saa moja.

Mwamba niliutembea kwa viatu vya mpira, bila kuokota hata kombe, kwa kuwa hapo ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 1968. Saa nane nilikuwa tayari Mida, kwenye hori la bahari lenye mikoko, juu ya daraja la mbao linaloning'inia kati ya miti hiyo. Wengi hufika maji yakiwa yametoka, wakaona ndege kama vitone mbali topeni. Ukifika yakipanda, maji yenyewe hukuswagia ndege hadi karibu. Ndivyo nilivyowaona wale weupe wenye mgongo mweusi na mdomo mnene wa kuvunjia kaa, ambao huzaliana pwani za Uarabuni, ikiwamo Oman, wakichimba mashimo mchangani na kutaga humo.

Magofu ya Gede, mji wa kale wa Waswahili, niliyaachia kesho yake, nikamwona huko sange, mnyama mdogo wa pua ndefu, mwenye kiuno cha dhahabu akipekua majani makavu. Kiingilio hakikuniumiza, ila ndizi zifungie ndani ya mkoba, kwani zangu zililiwa na kima.