Nilivyojifunza kutambua sanamu ya kale ya mwanzi hapa China mpaka nikapata yangu

Naishi Shanghai, na kwa muda mrefu nilikuwa natamani sanamu moja tu ya kale ya mwanzi, zile za watawa wa Kibuda au Liu Hai, yule wa hadithi za Kitao anayehusishwa na utajiri, na chura wake wa miguu mitatu. Sokoni zipo tele ila feki ndo nyingi, kwahiyo nikajiwekea sharti kwamba sitoi hela mpaka jicho lizoee orijino kwanza.

Nikaanzia Jiading, wilaya ya hapa hapa Shanghai, ndo kwenyewe kwa kazi hii, unapanda metro laini ya 11 unafika na wana makumbusho yao ya uchongaji wa mwanzi. Enzi za utawala wa Ming (1368 hadi 1644) walikuwepo pale Zhu He, mwanae Zhu Ying na mjukuu Zhu Sansong, familia moja vizazi vitatu wote mafundi, halafu wakati wa utawala uliofuata wa Qing (1644 hadi 1912) wakaja akina Feng, na Feng Xilu sifa yake kubwa ilikuwa ni hizi hizi sanamu, mpaka mwaka 1703 yeye na nduguye wakaitwa Beijing kuchonga kwa mfalme Kangxi. Nikaenda pia Shanghai Museum kuangalia kazi ya Zhu Ying, chombo cha kuwekea udi kilichofukuliwa kaburini mwaka 1966. Kile nilikitazama sana kwa sababu kimetoka ardhini, hakuna wa kukubishia uzee wake, na kisu cha Zhu Ying kinapita kwa ujasiri utadhani anachonga sabuni.

Sasa kilichonisaidia zaidi ni kuujua mwanzi wenyewe. Mwanzi ni jamii ya nyasi, ukiukata kwa kuupitisha unaona nukta nukta, ukiupasua kwa urefu nukta zile zile zinakuwa mistari. Sanamu hizi zinachongwa kwenye tako la mwanzi, kule chini karibu na mizizi ambako ukuta ni mnene na mafundo yamebanana, ndo maana ukiangalia vizuri unakuta na makovu duara ya vijizizi vilivyokatwa. Kwahiyo ukifuata mkunjo wa kanzu kwa lenzi na tochi unaona nukta zinarefuka taratibu zinageuka mistari kadiri uso unavyopinda, yaani huo ndo ushahidi ninaouamini kuliko maneno yote ya muuzaji. Feki ya resini inaweza kuiga juu juu, ila pale ilipomeguka kidogo hakuna nyuzi zinazoendelea ndani, na mara nyingine unakuta vitundu vya hewa au mstari wa kalibu ubavuni.

Rangi usiiamini peke yake, mwanzi wa zamani unakuwa mwekundu wa asali lakini watu wanapaka. Mimi naangalia kichwa, tumbo na mgongo, panaposhikwa pawe pamelainika, na kwenye mikunjo ya ndani makali ya kisu bado yawepo.

Ile niliyonunua ni mtawa aliyekaa, muuzaji alikuwa mzee mmoja mtulivu, nikamwambia laoban (yaani bosi) naomba niigeuze, akanipa mwenyewe na akanisogezea taa. Nukta zipo, makovu ya mizizi yapo kwenye jiwe la kuchongwa alilokalia, na mgongoni kuna ufa unaofuata nyuzi wenye uchafu wa miaka mingi ndani. Ufa ule ulinisaidia kwenye bei, tukapatana.

Nyumbani naiweka mbali na jua na upepo wa eisii, hasa winta hita ikiwaka maana hewa kavu ndo inayopasua mwanzi, sipaki mafuta wala vanishi, naifuta tu kwa kitambaa kikavu na kuangalia chini kama kuna unga wa wadudu. Wengi wananiuliza kama nitarudi nayo Dar. Hapana, sheria ya China hairuhusu vitu vya kale vya kabla ya 1911 kutolewa nchini, na hii naamini ni ya Qing, kwahiyo nikiondoka itabaki hapa kwa mtu atakayeitunza, na nimeshaanza kumtafuta.