Hawa Wamwimba Nani?

Jana usiku nilikuwa harusini, katika ukumbi mmoja wa Tudor, Mombasa, na baada ya taarab tano au sita mfululizo yule aliyekuwa akisimamia muziki akachomeka "I Want It That Way" ya Backstreet Boys, kundi la vijana wa Marekani, bila kumwarifu mtu. Nilidhani kina mama wataguna. Kumbe wanawake wa rika langu, ambao mwaka 1999 walikuwa wasichana wa sekondari, waliinuka karibu wote wakauimba tangu mwanzo hadi mwisho, na mmoja wao, kwa mazoea tu ya kutunza, alikwisha kufika mbele na noti yake mkononi ndipo akakumbuka kwamba hapakuwa na mwimbaji. Akamtunza bibi harusi.

Binti wa kaka yangu, mwenye miaka kumi na sita, alikuwa ameketi ubavuni mwangu. Akaniuliza, "Shangazi, hawa si ndio wale ambao baba husema hawakujiandikia hata nyimbo zao?"

Ndio hao. Kaka yangu ndiye mhakiki wa kwanza wa muziki niliyepata kumjua, ingawa hoja zake nyingi alizichota katika majarida makuukuu yaliyotandazwa chini kando ya barabara, na aliyoyasoma humo hayakuwa mbali na yale wahakiki wa Marekani na Uingereza waliyoyaandika kuhusu albamu ya kundi hilo, Millennium, ilipotoka Mei 1999: kwamba tuni ni tamu, hilo halina ubishi, lakini vijana hawa watano wameundwa kama bidhaa ya kiwandani, hawashiki ala, na nyimbo zao kubwa zimeandikwa na kupikwa Stockholm na mtunzi Max Martin na wenzake. Wakati huohuo, ndani ya wiki moja, albamu iliuza Marekani zaidi ya nakala 1,130,000 na kuvunja rekodi aliyoiweka mwimbaji Garth Brooks mwaka uliotangulia. Katika Grammy za mwaka 2000 waliteuliwa kwa albamu, rekodi na wimbo wa mwaka, na tuzo zote tatu zikaangukia kazi za mpiga gita Santana. Kaka, mpenzi wa gita, alitembea nyumbani siku nzima kama kwamba ni yeye aliyeshinda.

Shutuma iliyoniuma zaidi ilihusu maneno. Ilisemwa kwamba ule wimbo hauna maana, kwamba kiitikio kinapingana na beti zake, na kwa kweli waandishi wake, Max Martin na Andreas Carlsson, ni Waswidi waliotanguliza namna maneno yanavyoingia katika tuni kuliko yanavyosema. Ilirekodiwa hata namna nyingine ya wimbo huohuo yenye maneno yaliyonyooka, na waimbaji wenyewe wakashikilia ile ya kwanza. Nikifikiri sasa, naona hicho ndicho kitu ambacho sikio la Mombasa lilikuwa tayari kukipokea, kwa sababu sisi tumelelewa na mafumbo. Nyanya yangu, ambaye Kiingereza chake kilikomea kwenye salamu, alisimama mlangoni siku moja kaseti ikilia, akasikiliza, kisha akauliza swali ambalo huulizwa juu ya kila taarab mpya mjini.

"Hawa wamwimba nani?"

"Sijui, nyanya."

"Basi yuko ajuaye."

Sijasoma uhakiki wa wimbo ule unaonitosheleza kuliko huo.

Na hili la kutojiandikia nyimbo, nalo, kwetu lina uzito gani? Marehemu Juma Bhalo, mwimbaji wa taarab, alijijengea jina pwani nzima kwa mahadhi ya sinema za Kihindi, na baadhi ya mashairi aliyoyaimba ni ya binamu yake, mshairi Ahmad Nassir. Sikumbuki hata mtu mmoja wa mtaa wa Kibokoni aliyesema kwamba kwa hiyo Bhalo ni bandia. Waliulizana kama sauti ilikaa mahali pake, na kama maneno yalimpata aliyekusudiwa. Kaka yangu huyuhuyu alikuwa na kaseti za Bhalo zaidi ya ishirini. Nilipomkumbusha, alisema hayo ni mambo mawili tofauti, akaondoka kabla ya kueleza tofauti yenyewe.

Hata hivyo sitaki kuitetea albamu nzima. Kaseti yangu ilikuwa ya kunakili, kama za wengi wetu ambao hatukuhesabiwa katika mauzo ya mtu yeyote, na upande wa pili ulikatika katikati ya wimbo wa mwisho, ule ambao Brian Littrell, mmoja wa wale watano, alishiriki kuuandika kwa ajili ya mama yake. Kwa miaka mingi niliiwaza sehemu iliyokatika na kuipa mwisho mzuri. Nilipokuja kuusikia mzima, na kwaya ile inayoingia mwishoni, nilikuta sukari imezidi chai. Nyimbo mbili tatu kabla yake nazo ni za kujazia tu, na hapo wahakiki walikuwa na haki.

Tulipokuwa tukingoja gari, binti yangu huyu aliniambia kwa fahari, sawa na baba yake, kwamba BTS wake, lile kundi la Korea Kusini, wanajiandikia. Nilimkubalia, kwani ni kweli wanashiriki kuandika. Kisha nikamuuliza kama anakijua Kikorea. Akasema husoma tafsiri, ila siku ya kwanza alipolia kwa wimbo wao alikuwa hajasoma tafsiri yoyote. Nikamuuliza swali la nyanya: hao wenu, wamwimba nani?

"Sisi," akajibu bila kufikiri, kisha akanitazama kama kwamba nimemtega.