Simu Bado Iko Haifa

Nilirudi Mombasa Desemba 2024, lakini programu ya tahadhari ya makombora ya Haifa, mji wa Israeli, sikuifuta kwenye simu. Alfajiri ya tarehe 16 Juni 2025 ililia nikiwa nimelala kwa mama, Likoni. Nilipopata fahamu nimeshafika mlangoni, viatu mkononi. Mama akawasha taa. "Mwanangu, wakimbilia wapi?"

Miaka mitatu nilisoma kule, nikapanga chumba Hadar, mtaa wa majengo ya zamani kwenye mteremko wa mlima Karmeli. Nyumba zilizojengwa kuanzia miaka ya 1990 zina chumba cha zege wanachokiita mamad. Yetu haikuwa nacho. King'ora kikilia tulikuwa na kama dakika moja, na pa kukimbilia palikuwa kwenye ngazi, ghorofa ya kati: mimi na tochi, bibi mmoja Mrusi na paka wake, na kijana Mwarabu wa chumba cha juu aliyembebea bibi kiti. Siku hizo jeshi lilikuwa likivuruga mawimbi ya setilaiti, na ramani ya simu ikatuweka uwanja wa ndege wa Beirut. Natafuta basi la kwenda chuo, naambiwa niko Lebanoni.

Kila anayekuja kunijulia hali huniuliza makombora. Mimi huanza na maegesho ya magari ya hospitali ya Rambam. Katika vita vya 2006 roketi za Hezbollah, kundi lenye silaha la Lebanoni, zilianguka Haifa huku wagonjwa wakiwa wodini juu, kando ya bahari, bila kinga. Vita vilipokwisha hospitali ikachimba ghorofa tatu chini ya ardhi. Wakati wa amani watu huegesha magari humo. Hatari ikija, ndani ya saa 72 panakuwa hospitali ya vitanda 2,000, maana mabomba ya oksijeni na nyaya za umeme vimeshapitishwa kutani.

Septemba 2024 wagonjwa walishushwa. Rafiki yangu alikuwa amefanyiwa upasuaji, nikashuka kwa miguu njia ileile ya magari kwenda kumwona. Mistari ya kuegeshea ilionekana sakafuni kati ya vitanda. Muuguzi aliyembadilishia dripu alisema Kiarabu na mgonjwa wa jirani, akageuka akasema Kiebrania na daktari, kazi ikaendelea.

Nililia pale. Niliwaza hospitali za Gaza, mwendo wa saa chache tu kwa gari, na akina mama kule wasio na ghorofa ya kushukia wala ngazi ya kujibanza. Nililisema hilo darasani. Mmoja alinijibu kwa hasira, mwingine alishindwa kusema, akatoka nje. Ningelisema tena.

Basi alfajiri ile ya Juni nikakaa kitandani kwa mama nikisoma habari: kombora la Irani limepiga kiwanda cha kusafisha mafuta cha Haifa. Wafanyakazi watatu walikufa. Majira ya joto saa za kule ni sawasawa na zetu, kwa hiyo nilijua dakika hiyohiyo wako kwenye ngazi. Nikamwandikia yule kijana: bibi ameshuka?

Jibu lilichukua muda. Mama hakuniuliza kitu. Alikaa nami, mkono wake mgongoni mwangu.

"Ameshuka. Anauliza tochi yako uliiacha wapi."