Madirisha Mawili ya Ujiji

Kwetu Ujiji, mkoani Kigoma, kusema kwamba fulani amejitenga si kumsifu. Wasikilizaji huelewa kwamba ana kiburi, au amekosana na ndugu zake, au kuna jambo analoficha. Kwa hiyo, nilipoamua mwezi Machi 2020 kukaa ndani kwa sababu ya korona, niliogopa neno hilo karibu sawa na nilivyouogopa ugonjwa wenyewe.

Nilikuwa na miaka 67, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mjane, mwenye kisukari na shinikizo la damu. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 16 Machi huko Arusha, na siku iliyofuata shule zikafungwa. Mjukuu ninayeishi naye, aliyekuwa darasa la sita, alirudi nyumbani mchana akiwa na begi lake na furaha ya likizo asiyoitarajia. Arusha ni mbali mno na Kigoma, lakini niliposikia redioni kwamba watu wenye kisukari wakiupata ugonjwa huu huweza kuzidiwa vibaya, sikungoja usafiri mpaka kwetu. Magonjwa ya mlipuko hatukuwa wageni nayo. Mwaka 2015 kipindupindu kiliwashika wakimbizi wa Burundi waliokuwa wamejazana katika kijiji cha Kagunga, mkoani kwetu, na mkoa mzima ukawa katika hofu. Hata hivyo, kipindupindu unaweza kukipiga vita kwa maji yaliyochemshwa na choo safi, ilhali huu ulikuja na pumzi za watu tunaowapenda.

Lazima nieleze kwamba hapa Tanzania hatukupewa amri ya kutotoka nje. Shule na vyuo vilifungwa na mikusanyiko mingine ikazuiwa, lakini masoko yaliendelea, na misikiti na makanisa havikufungwa. Uamuzi wa kukaa ndani ulikuwa wangu peke yangu, na ugumu ulianzia hapo hapo. Mtu aliyezuiwa na amri hana haja ya kujieleza kwa yeyote. Mimi nililazimika kumweleza kila aliyepiga hodi kwa nini simkaribishi, kwa nini simpi mkono, kwa nini namwomba azungumze akiwa barazani huku mimi nikiwa nyuma ya wavu wa dirisha. Vijana niliowafundisha kusoma walinipa shikamoo kwa mbali, wakasimama kidogo wakiona haya, kisha wakaenda zao. Dawa zangu aliniletea mwanangu kutoka Mwanga, mtaa wa hapa hapa mjini Kigoma, akaziacha juu ya kigoda na kunawa kwenye ndoo yenye koki, hata kama hakuwa anaingia ndani.

Kukaa ndani kwenyewe nilikuwa nimeshakujua. Mume wangu alipofariki mwaka 2008 nilikaa eda, miezi minne na siku kumi, bila wanja, bila manukato, bila kuvuka kizingiti pasipo dharura. Katika siku za kwanza za korona nilijifariji kwamba hii nayo ni eda, nitaimaliza kama nilivyoimaliza ile. Nilikosea. Eda ina mwisho unaojulikana tangu siku ya kwanza, na mwenye eda haachwi peke yake: wanawake huja, hukaa naye mkekani, humchambulia mchele, humwombea, humchosha hata kwa maneno. Mimi sikuwa na tarehe ya kutoka, na mwishoni mwa Aprili hata takwimu za wagonjwa zikakoma kutangazwa, basi nikakosa kipimo cha kunielekeza. Sikurudi kutembea kama zamani mpaka nilipopata chanjo mwezi Agosti 2021, wiki chache baada ya Rais Samia Suluhu Hassan kuchanjwa hadharani tarehe 28 Julai na kuizindua.

Lakini ninayotaka kuyaandika leo ni ya mwaka ule wa kwanza, na yanamhusu wifi yangu wa ng'ambo ya kichochoro.

Si wifi wa damu. Mumewe aliniita dada tangu tulipohamia mtaa huu, na kwa hesabu hiyo mkewe akawa wifi yangu. Nyumba zetu zinatazamana. Kati ya dirisha langu la mbele na dirisha la chumba chake kuna hatua kama sita. Katika wiki ya tatu ya Ramadhani, yaani katikati ya Mei, mume yule aliyekuwa akisumbuliwa na moyo kwa miaka mingi alifariki alfajiri, na kabla jua halijapanda kichochoro kilikuwa kimejaa watu.

Sikwenda. Sentensi hiyo ni fupi, lakini bado inanielemea kila ninapoiandika. Nilimtuma mjukuu na rambirambi na mchele, nikaketi karibu na dirisha, nikasoma Yasini huku nikisikia kilio ambacho ilinipasa niwe katikati yake, nimemkumbatia mfiwa. Mama mmoja aliyekuja matangani alisema kwa sauti, akijua nasikia, kwamba Mwalimu ameogopa maiti. Nilikaa pale pale mpaka usiku, taa ikiwaka, na usiku wa pili hivyo hivyo.

Siku ya nne, matanga yalipokwisha anuliwa na wageni kupungua, dirisha la ng'ambo lilifunguliwa baada ya sala ya alfajiri. Wifi alikuwa amejitanda shuka nyeupe.

“Wifi,” akaniita, “umeamkaje?”

“Nimeamka, wifi yangu. Pole. Nimeshindwa kuja, unisamehe.”

“Nimekuona. Taa yako haikuzimwa usiku wote. Hukulala, nami sikulala.”

Tangu asubuhi hiyo tukawa wanawake wawili tuliofungiwa, yeye kwa eda na mimi kwa korona, na kila baada ya alfajiri tulifungua madirisha kwa pamoja. Wageni wake walipokuwa wengi nilirudi nyuma na kulifunga langu. Walipoondoka alinigongea fremu ya dirisha lake kwa kijiko. Idi ilipita kimya, sikuwapa watoto mkono wa Idi, niliwapangia sarafu juu ya ukuta wa baraza wakaziokota mmoja mmoja.

Chakula kilivuka kichochoro mikononi mwa mjukuu wangu. Nilipika sombe, yaani kisamvu, kwa mawese na dagaa, nikaitia katika bakuli la bati jeupe lenye maua ya buluu, ambalo wifi hakulirudisha tupu hata siku moja: lilirudi na mihogo ya kuchemsha, au ndizi, na safari moja kipande cha samaki mgebuka wa kukaanga alichojua fika kwamba ndicho ninachokipenda. Mawese huacha duara jekundu ndani ya bati, mahali mchuzi ulipofikia, na sabuni peke yake hailiondoi. Hutaka maji ya moto na jivu. Nililisugua duara lile kila siku, kwa uangalifu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu kwa dakika zile chache mikono yangu ilikuwa inashika kitu ambacho mikono yake ilikuwa imekishika. Pengine msomaji ataniona nilizidisha. Mtu aliyekaa miezi bila kugusana na mtu mzima mwenzake atanielewa.

Tarehe 29 Juni shule zilifunguliwa, na nyumba ikatulia hata nikasikia kuku wakiparua upande wa pili wa ukuta. Mjukuu niliwekeana naye sharti la kunawa na kubadili sare uani kabla ya kuingia. Mchana nilipima sukari, nikapalilia mchicha, nikafuma vitambaa ambavyo havikuwa na meza ya kuvipokea.

Eda huhesabiwa kwa miezi ya mwandamo, na chumba cha wifi hakina upande wa kutazama mbingu wala ziwa. Uani kwangu, kwa kuwa nyumba iko mwinukoni, Ziwa Tanganyika linaonekana hadi milima ya Kongo. Wavuvi wa dagaa huingia ziwani usiku wa giza, kwa kuwa dagaa huifuata taa. Mbalamwezi ikikomaa mwanga wa taa hauwavuti tena, na wavuvi hupumzika. Mwaka 2008, katika eda yangu, zilikuwa karabai, za rangi ya asali. Sasa nyingi ni taa za betri, nyeupe, zinazochoma macho kidogo. Basi wifi akawa ananiuliza kila asubuhi, “Taa zipo?” Nami namjibu kama zipo, au zimepungua, au ziwa limelala giza. Ziwa lilipolala mara ya kwanza, mwanzoni mwa Juni, alisema, “Moja.” Julai akasema, “Mbili.” Ya nne iliangukia mwanzoni mwa Septemba, na siku hiyo hakutaja hesabu, alicheka tu, kicheko cha kwanza nilichokisikia kutoka dirisha lile tangu msiba.

Alitoka eda siku zisizofika ishirini baadaye, mwezi mpya ulipokuwa ndio kwanza umeandama. Mchana walikuwapo wanawe na ndugu, akakogeshwa, akavishwa doti mpya ya khanga, akapakwa wanja. Usiku, baada ya Isha, nikasikia hodi mlangoni pa uani.

Nilivaa barakoa nikafungua. Alikuwa amesimama mbali kidogo, mkono wake begani mwa mjukuu wangu, na harufu ya udi ikanifikia kabla ya salamu. Sikumkumbatia, naye hakunisogelea. Nilimwekea kigoda upande mmoja wa ua, nami nikaketi upande wa pili, karibu na mlango wa jiko.

“Ziko wapi hizo taa zako?” akauliza.

Nilimwonyesha kwa kidole. Ziwa lilikuwa limejaa taa, kuanzia usawa wa Kibirizi mpaka tusipoweza kufika kwa macho. Alianza kuzihesabu kwa sauti ya chini, akakosea, akaanza upya.