Kaka katema mate London, vita imekuja Bombo

Kaka yangu anakaa London, mwaka wa tisa huu, na watu wakikaa kule sana baridi inawatia mawazo. Desemba iliyopita akanunua kile kichupa cha kutemea mate cha kupima DNA, bei ilikuwa imeshuka kwa ajili ya Krismasi (Muislamu huyu!), akatema, akapeleka posta, baada ya wiki kama sita majibu yakaingia kwenye simu yake. Kosa lake ni moja tu, alipiga skrinshoti akaitupa kwenye grupu ya familia ya WhatsApp.

Sudan ya Kusini na majirani zake asilimia 58. Wabantu wa Afrika Mashariki 27. Kongo 9. Ethiopia 4. Zilizobaki mbili hazijulikani ni za nani. Uarabuni sufuri. Na Mnubi, kabila letu, hakuandikwa popote, sisi ambao tumezaliwa Bombo hapa Uganda, tunavaa gurbaba, tunapika gurusa, na kwenye katiba ya 1995 tumo kwenye orodha ya makabila ya Uganda kama wengine.

Shangazi yetu ambaye tangu tukiwa watoto anatuhadithia kwamba babu wa babu wa babu yake alikuwa bwana mkubwa wa Misri, alisoma, akanyamaza dakika kumi, akaleft. Banange. Hadi leo hajarudi kwenye grupu.

Ndo ikabidi nikae chini nisome hii kitu inafanyaje kazi, kwa sababu kaka mwenyewe alikuwa anajibu tu "sayansi haidanganyi" na hiyo ilikuwa inazidisha moto.

Mi nimeielewa hivi. Pale Arua Park Kampala, kituo cha mabasi ya kwenda kaskazini magharibi, kuna wale vijana wanaopakia abiria kwenye mabasi, ukifungua mdomo tu kuuliza nauli anakwambia wewe wa Yumbe, wewe wa Koboko, wewe wa Nebbi, na mara nyingi anapatia. Hajaona kitambulisho chako, ila masikio yake yameshasikia watu wa Yumbe wengi sana na wewe unasikika kama wao. Sasa mletee mtu wa kabila ambalo hajawahi kulisikia. Unadhani atasema sijui? Yule hajui kusema sijui, atakusukuma kwenye basi la watu mnaofanana nao kidogo, na mzigo wako ushapanda juu.

Kipimo cha asili ni huyo kijana. Binadamu ana herufi za DNA kama bilioni tatu na watu wawili wowote wanafanana karibu asilimia 99.9, kwa hiyo kampuni haisomi zote, inachungulia sehemu laki sita au saba ambazo zinajulikana kwamba watu hutofautiana. Na hapo hakuna herufi ya Mganda wala herufi ya Mkakwa, nilidhani ipo, haipo. Kuna herufi ambayo kundi hili wanayo wengi na kundi lile wanayo wachache, basi, moja peke yake haikwambii kitu, mpaka zijumlishwe maelfu kwa maelfu ndo zinaanza kuongea. Kampuni nyingi zinakata kromosomu, zile nyuzi zinazobeba DNA, vipande vipande, kila kipande kinaulizwa umefanana na nani zaidi hapa kwenye kundi letu la kulinganishia, alafu vinahesabiwa, hiyo ndo asilimia yako. Watafiti wana programu zao, STRUCTURE ya mwaka 2000 na ADMIXTURE ya 2009, na kilichonichekesha ni kwamba ukiiambia nigawie watu hawa makundi matano inakupa matano, ukisema manane inakupa manane, haibishani na wewe, kazi ya kujua kama hayo manane yana maana ni yako.

Sasa hilo kundi la kulinganishia ndo akina nani? Hapo ndo penye utamu. Si mababu! Ni watu walio hai leo, au waliokuwa hai juzi, mara nyingi wanachaguliwa wale ambao babu na bibi wote wanne wametoka sehemu moja. Kwenye mradi ule mkubwa wa kusoma DNA ya watu wa dunia, 1000 Genomes, uliomalizika 2015 na watu 2,504 wa makundi 26, makundi yaliyochukuliwa ndani ya Afrika yenyewe yalikuwa matano: mawili ya Nigeria, moja Gambia, moja Sierra Leone, na Waluhya 99 wa Webuye, hapo Kenya ukishavuka Malaba. Wameibeba Afrika Mashariki nzima mgongoni wale Waluhya, Mungu awape nguvu. Mnilo, yaani watu kama Waacholi au Wakakwa, hata mmoja hayumo. Uganda tumekuja kupata ya kwetu kubwa 2019, watu kama 6,400 wa Kyamulibwa kule wilaya ya Kalungu, elfu mbili hivi wamesomwa DNA yote mwanzo mpaka mwisho, Baganda wengi, Wanyarwanda na Warundi pia. Ni kazi nzuri sana. Lakini Kalungu ni kusini, si Arua kule kaskazini magharibi.

Na hata ukienda Bombo kesho ukachukua mate ya Wanubi mia, bado una shida, sababu sisi hatukuzaliwa na babu mmoja, tumezaliwa na jeshi. Askari wa Emin Pasha, gavana aliyewekwa na Misri, waliachwa huku juu, Lugard, nahodha Mwingereza, akaja kuwachukua 1891 karibu na Ziwa Albert, maelfu ya watu, askari, wake, watoto, watumishi, watumwa, wa makabila sijui mangapi, kilichowashika pamoja ni dini, bunduki na Kiarabu cha kambini ambacho ndo kikawa Kinubi. Na baada ya hapo mlango haukufungwa, Mkakwa au Mlugbara akiingia jeshini akasilimu akaoa kwetu, watoto wake ni Wanubi, nani atawauliza? Programu inatafuta watu waliokaa pamoja na kuoana muda mrefu mpaka herufi zao zikafanana. Sisi miaka mia na kitu, wajukuu wa watu waliokutana njiani. Kwa hiyo kuikosa Nubi sio uongo, ila haijui kuuliza swali letu.

Shangazi naye nataka kumtetea kidogo. Yule Mmisri wake kwa kaka ni vizazi saba nyuma, kwa wastani angemwachia chini ya asilimia moja, na DNA inagawanywa kwa bahati, kuna mababu wa mbali ambao hawajakuachia hata kipande. Watu wa pwani nao walichekwa miaka mingi na hadithi zao za Washirazi, mpaka 2023 watafiti wakatoa DNA kwenye mifupa ya watu 80 hivi ya makaburi ya zamani, wakakuta kweli akina baba wengi kutoka Uajemi na akina mama Waafrika. Lakini wale walichimba makaburi, hawakutema mate. Simaanishi shangazi ana haki, namaanisha sufuri ya kaka haimalizi kesi.

Alafu mwezi wa tatu kampuni ikatuma barua pepe, data imeongezwa. Sudan 49, Wabantu 38, Kongo 3, Ethiopia imeyeyuka, na kuna kikundi kipya cha Wanilo wa Uganda na Kenya 10. Mate ni yale yale! Kaka safari hii hakupiga skrinshoti.

Nilimwambia kama anataka kujua zaidi asinipime mimi, ampime Mama, sisi kila mmoja amechukua nusu tu ya Mama na nusu zetu hazifanani, yeye anazo zote. Akatuma kichupa na mtu, kimefika Ramadhani. Maelekezo yanasema usile wala kunywa nusu saa kabla ya kutema. Mama akasema mi tangu daku sijatia kitu mdomoni, kilete. Tukakaa naye kwenye mkeka saa tisa mchana, jua la Bombo, anajaribu, mate yenyewe hayatoki. Tukasema tungoje futari, baada ya futari nusu saa, nusu saa ikawa tarawehe, na tarawehe ikaisha chai ikaletwa.

Kichupa kipo juu ya kabati ya vyombo.