Mguu wa Mbele Ulikuwa Unaukimbia Mpira

Mwanangu alikuwa na miaka 10, msimu wake wa pili wa besiboli hapa Columbus, Ohio. Kudaka anajua, mbio ndiyo usiseme, lakini akishika gongo la kupigia mpira anapoteza ujasiri. Mechi sita mfululizo hakugusa mpira. Kila mzazi alikuwa na lake: inua kiwiko, tazama mpira, piga kwa nguvu! Nami nilikuwa napaza sauti nyuma ya uzio, kumbe namwongezea mzigo.

Siku moja nikanyamaza, nikamrekodi kwa simu. Usiku nikaitazama video polepole. Mikono ilikuwa salama. Mguu wa mbele, ule ulio upande wa mrushaji wa mpira, badala ya kumwelekea ulikuwa unakanyaga pembeni kila mara. Hapo nikakumbuka kwamba mwanzoni mwa msimu mpira ulimpiga mbavuni. Aliniambia, "Sijaumia, Mama," nami nikaliacha lipite.

Katika ligi ya umri wake mrushaji husimama mita 14 tu kutoka kwa mpigaji. Mpira wa kasi ya kilomita 80 kwa saa humfikia kwa sekunde 0.6 hivi. Muda huo haumtoshi mtoto kuogopa na kupiga pia.

Kwa hiyo tukaanza na hofu yenyewe. Nilichukua mipira ya tenisi, nikawa namrushia taratibu mwilini, hana gongo, ajifunze kugeuza bega na kuupa mpira mgongo, kidevu kifuani, bila kuruka nyuma. Siku ya tatu ikimgonga anacheka. Ndipo nikalaza ubao nyuma ya visigino vyake: mguu ukikimbia, anaugusa mwenyewe, sina haja ya kusema neno. Jioni, gerejini, mapigo 40 ya mpira uliowekwa juu ya kistendi, kuelekea wavu. Nilijaribu 100, alichoka akarudia kosa lilelile.

Na gongo tulibadilisha. La kwanza nilinunua la inchi 30 ili alikulie, kama tunavyonunua sare za shule. Alipolinyoosha pembeni kwa mkono mmoja, lilianza kutetemeka mara moja. Tukachukua la inchi 28, jepesi zaidi.

Kilichobaki kilikuwa aibu ya kukosa. Nikamsimulia habari za Ted Williams wa Boston Red Sox, aliyemaliza msimu wa 1941 na wastani wa kupiga wa .406, yaani alifanikiwa mara nne hivi katika kila kumi: bingwa yule, na bado karibu mara sita katika kila kumi hakufanikiwa. Akafikiri, akauliza, "Sasa mbona mimi nikikosa watu wanapiga kelele?" Nikamwahidi kwamba mimi sitapiga kelele tena.

Wiki ya tano aliupiga mpira kwa mara ya kwanza kwenye mechi, ukabingirika chini kwa mlinzi, akatolewa kabla ya kufika kituo cha kwanza. Alirudi mbio hadi kwenye uzio, kofia ngumu imemshuka machoni.

"Mama, umeuona mguu?"

Niliuona.