Kapeti au mpira: sakafu ya pikapu yangu ya samaki, Tanga

Harufu ilianza Jumanne. Kufikia Ijumaa mume wangu alikuwa anashusha vioo vyote vinne kabla hajakaa.

Mimi asubuhi nachukua samaki soko la Deep Sea, nasambaza kwa wateja wangu mjini, mara mbili kwa wiki nafika Muheza, na msimu wa machungwa narudi na mzigo. Gari ni Hilux ya milango minne, mtumba ya mwaka 2003, iliyokuja na kapeti lake la kijivu. Siku hiyo nyuma palijaa, ndoo ya pweza na barafu nikaiingiza ndani, nyuma ya kiti changu. Tuta la Pongwe sikuliona. Ndoo haikumwagika yote, nusu tu, na hiyo nusu ikatosha.

Nikafanya anachofanya kila mtu: sabuni ya unga, brashi, ndimu, gari juani milango wazi siku mbili. Kapeti likakauka. Ukipitisha kiganja unaapa limekauka. Lakini nikifunga milango usiku, asubuhi vioo vina ukungu kwa ndani na harufu imerudi mahali pake. Sikujua wakati ule kwamba maji ya chumvi hayakauki kama ya bomba. Maji yanaondoka, chumvi inabaki, na chumvi inavuta unyevu wa hewani. Kwa hewa yetu ya pwani, kapeti langu lilikuwa linajilowesha lenyewe kila usiku.

Nikalipeleka gari kwa fundi bodi Makorora. Aling'oa viti, akabandua vile vipande vya plastiki vya kizingitini, akashika kapeti kwenye pembe na kulivuta. Likatoka zito kama blanketi lililotoka kufuliwa. Chini yake kuna tabaka jingine, manyoya yaliyoshindiliwa, unene wa kidole, ya kuzuia kelele na joto. Fundi akalikamua kwa mkono mmoja. Maji meusi yakamchuruzika hadi kwenye kiwiko.

"Dada, hii siyo ya juzi," akasema. "Hii ina masika kadhaa."

Chini ya kisigino cha dereva bati lilikuwa na kutu ya magamba. Akaligusa kwa ncha ya bisibisi, likabonyea. Pembeni, nyaya zinazopita sakafuni kwenda nyuma zilikuwa na soketi moja yenye ukijani, kutu ya shaba ile. Hapo nikajua kwa nini kufuli la mlango wa nyuma lilikuwa likifanya kazi siku likijisikia.

Sasa ndiyo mjadala ukaanza nyumbani. Mume wangu alitaka kapeti jipya. Gari la mtu mzima lina kapeti, alisema, na ukitaka kuliuza kesho mnunuzi hafungui mlango akaona mpira kama wa daladala. Tena mpira una kelele. Shemeji naye, ambaye baba yake alikata mkonga maisha yake yote, akasema tandika zulia la katani, hapa ndiyo kwao. Kweli mkonga uko kwetu tangu mwaka 1893, Mjerumani Richard Hindorf alipoleta miche yake. Ila mtu yeyote aliyebeba kamba ya katani iliyolowa anajua inavyokunywa maji. Zulia zuri sebuleni. Kwenye gari la pweza, hapana.

Mimi nilikuwa nimeshaamua mpira, na ndipo fundi akanipoza. Akasema mpira hauponyi gari. Mpira unazuia maji yasishuke, lakini yaliyokwisha kushuka unayazuia yasipande. Kapeti angalau linapumua kidogo. Ukitandika mpira juu ya yale manyoya, maji yakipenya kwenye tundu moja la bolti, yanakaa humo gizani na bati linaoza huku wewe unafuta juu na kufurahi. Wateja wake kadhaa wamefanya hivyo.

Kwa hiyo swali likageuka. Siyo nini kiwe juu, bali nini kiwe chini, na maji yatatokea wapi.

Majibu yalikuwa sakafuni kwenyewe. Gari likitengenezwa huachiwa matundu chini, ya kuchuruzisha rangi linapotolewa kwenye pipa la rangi, kisha yanazibwa kwa vizibo vya mpira. Langu lilikuwa navyo vyote, vimefunikwa na matope mekundu ya Muheza. Ukivichomoa, maji yanajiendea.

Manyoya tukatupa. Sakafu ikaoshwa kwa maji ya bomba mara tatu kutoa chumvi, ikasuguliwa kwa brashi ya waya na msasa, pale palipooza pakachomelewa kiraka, ikapigwa praima na rangi mbili. Hiyo kazi ya siku tatu ndiyo iliyokula hela. Mpira wenyewe ulikuwa sehemu ndogo ya bili, ingawa kwa mita bado ni karibu mara mbili ya kapeti la dukani.

Dukani niliona wa aina mbili: wa vinundu vya duara na wa mistari. Vinundu vinapendeza, lakini matope yanakaa katikati ya vinundu na unayachokonoa kwa kijiti. Nikachukua wa mistari, maji yanafuata mstari. Unene nilitaka milimita 6, kwa tamaa. Fundi akakataa. Wa 6 haukunji pale sakafu inapopanda kuelekea miguuni, unabaki umejikunyata na kuacha uwazi chini. Tukachukua wa 3. Hata huo ni mzito, kilo nne na kitu kwa kila mita ya mraba.

Kapeti bovu likawa patani, kipimo cha kukatia. Tuliuanika mpira juani kwanza, ukalegea kama chapati, tukaupindua, kapeti tukaligeuza juu yake na kulizungushia chaki. Kata kubwa kidogo kuliko mstari, punguza baadaye. Mimi nilikata upande wa abiria mwenyewe na nikakosea kwa vidole viwili karibu na mlango. Doa hilo liko hadi leo.

Kwenye pedeli ya mafuta fundi alikuwa mkali. Ukingo ukatwe chini kabisa ya pedeli, usiinuke, na juu yake nisiweke zulia jingine la kutelezateleza. Mwaka 2009 Toyota iliita magari zaidi ya milioni 3 kule Marekani yarudi kurekebishwa kwa sababu zulia la miguuni liliweza kunasa pedeli ya mafuta. Si jambo la kuchezea barabara ya Segera.

Hakuna gundi popote. Viti na plastiki za kizingitini ndivyo vinavyoubana.

Kuhusu kelele, mume wangu alikuwa na haki. Safari ya kwanza Muheza tuliongea kwa kupigiana kelele, na dizeli ikawa kama imekaa kiti cha mbele. Nikanunua mkeka wa mazoezi, ile foma isiyonyonya maji, tukaukata na kuubandika kwenye ukuta wa mbele, kati ya miguu na injini, mbali na kila kinachochemka. Kelele haikuisha, ila simu inasikika. Joto nalo lipo: kaskazi ikikolea, pale juu ya giaboksi huwezi kuweka mguu mtupu. Mimi niliyezoea kuendesha peku nimenunua raba.

Mama mkwe alipopanda mara ya kwanza alisimama mlangoni akatazama chini.

"Mwanangu, hili gari au jiko la hoteli?"

Nikasema, "Shikamoo mama, panda tu." Kesho yake nikakata vipande viwili kutoka kwenye kile kisehemu cha kapeti la zamani kilichokuwa kizima, nikavifua, nikavipiga cherehani ukingoni, nikavitandika nyuma tu, kusiko na pedeli. Jumamosi naviondoa na kuvianika kambani pamoja na kanga. Mume wangu anaviita kapeti lake.

Kule nyuma kwenye mzigo nimeweka mpira huohuo, umelala tu. Masanduku ya samaki hayatelezi tena kwenye kona. Kila Jumamosi nauinua, kwa sababu mchanga na maji ya barafu hujificha chini yake, nawasha mpira wa maji, kisha nahamia ndani. Nachomoa vizibo na kupitisha kidole sakafuni. Mara mbili tangu masika nimekuta unyevu, mara zote ni ule upande wa abiria niliokata mwenyewe.